Agizo Zuri kwa Akili Unde Huanzia kwenye Hesabu za Biashara

Mwaka 2023 watafiti wa Harvard Business School na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha washauri wa biashara 758 wa kampuni ya Boston Consulting Group. Kundi moja lilifanya kazi bila msaada, la pili likapewa programu ya akili unde ya GPT-4, na la tatu likapewa GPT-4 pamoja na mafunzo mafupi ya namna ya kuiandikia maagizo. Kwenye kazi kama kubuni bidhaa mpya na kuandika matangazo, waliotumia akili unde walimaliza mapema na kazi zao zilikuwa bora zaidi.

Washauri wengine walipewa kazi ya aina tofauti: kumshauri mkurugenzi mkuu wa kampuni kwa kusoma jedwali la takwimu sambamba na maelezo ya mahojiano. Kazi hiyo ilipangwa makusudi ili anayetazama takwimu peke yake apotee. Wasiotumia akili unde walipata jibu sahihi kwa takriban asilimia 84, na waliopewa GPT-4 bila mafunzo kwa asilimia 70. Waliofundishwa kuandika maagizo walishika mkia, kwa asilimia 60.

Vyuo vyetu vinavyoharakisha kuanzisha masomo ya maagizo visiyapuuze matokeo haya. Kwa maoni yangu yanatuonya kwamba ufundi wa kuagiza, ukifundishwa peke yake, humwongezea mwanafunzi imani kwa mashine bila kumwongezea uwezo wa kuipima. Somo hili linafaa, lakini mahali pake ni ndani ya masoko, uhasibu na ujasiriamali, chini ya mwalimu anayejua jibu sahihi linafananaje.

Tuanze na namna programu hizi zinavyofanya kazi. Modeli ya lugha imejifunza kutoka kwenye maandishi mengi mno, na hujibu kwa kukadiria maneno yanayoelekea zaidi kufuata yale uliyoandika. Ukiipa maelezo machache, inakurudishia wastani wa yale iliyoyasoma. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza, wastani huo haulifahamu soko la Kariakoo. Ni kama msomi mgeni aliyemaliza vitabu vyote vya biashara ila hajawahi kukopeshwa unga na Mangi, mwenye duka la mtaani, mpaka mwisho wa mwezi.

Mwanafunzi anapoandika, “Niandikie mchanganuo wa biashara ya unga wa lishe,” atapata kurasa zenye vichwa vizuri vya habari: soko lengwa, ushindani, mitandao ya kijamii. Hakuna hata mstari mmoja utakaomsaidia kuamua jambo.

Sasa mwalimu amrudishe kwenye daftari kabla hajagusa simu. Mteja ni nani: mama wa mtoto anayeachishwa kunyonya, au duka la jumla? Mfuko wa kilo moja unagharimu kiasi gani mpaka unafungwa? Kodi na mishahara kwa mwezi ni kiasi gani? Baada ya hapo agizo linaweza kusomeka hivi:

“Ninasaga na kufungasha unga wa lishe Morogoro. Mfuko wa kilo moja unanigharimu shilingi 2,200 na ninauuza kwa maduka kwa 3,000. Gharama zangu za kudumu ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Maduka mengi yanachukua mzigo kwa mkopo wa wiki mbili. Nionyeshe hatua kwa hatua ni mifuko mingapi nikiuza kwa mwezi nitarudisha gharama, kisha nieleze mkopo huo unaathiri vipi fedha ninazohitaji mkononi. Taja kila jambo ulilolikisia. Kama kuna taarifa inakosekana, niulize kwanza.”

Agizo hili lina hali halisi, takwimu, kazi moja iliyo wazi, umbo la jibu na ruhusa ya kuuliza. Kuitaka modeli ionyeshe hatua kuna faida mbili. Utafiti wa Google wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa modeli kubwa hufanya vizuri zaidi mafumbo ya hesabu zinapopita hatua kwa hatua, na mwanafunzi naye anapata njia ya kukagua. Hapa faida ghafi ni shilingi 800 kwa mfuko, hivyo anahitaji kuuza mifuko 1,500. Hesabu hiyo aifanye kwa kalamu kabla ya kuagiza. Asiyeweza kuifanya hatatambua kosa siku mashine itakapompa 1,200.

Lakini hesabu iliyo sahihi haitoshi. Mwanafunzi atoke akawaulize wenye maduka matatu wanalipa lini kwa kweli. Wakisema wiki sita, ushauri wote uliojengwa juu ya wiki mbili umeanguka, hata kama umeandikwa kwa ufasaha. Hiki ndicho kilichowakwaza wale washauri: jibu lilikuwa kwenye maneno ya watu.

Kuna pia suala la siri za wateja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Mwanafunzi aliye mafunzoni kazini azoee kuondoa majina, namba za simu na taarifa za mishahara kabla ya kubandika chochote kwenye programu ya nje.

Nawaomba walimu wenzangu tubadilishe usahihishaji. Tusikusanye jibu la mwisho peke yake. Mwanafunzi alete agizo la kwanza, agizo alilolirekebisha na sababu ya kulirekebisha, makosa aliyoyabaini kwenye jibu, na ushahidi alioutafuta mwenyewe nje ya mashine. Kisha asimame mbele ya darasa atetee uamuzi wake bila skrini. Alama nyingi ziende kwenye uhakiki na utetezi huo, kwa sababu siku akianza biashara, mkopo wa benki utasainiwa kwa jina lake, na mwenye kudaiwa atakuwa yeye.