Njia ya Rubondo Inapita Machimboni

Katikati ya Februari 2021, abiria watatu waliotoka Tanzania walitua Luanda, Angola. Walipimwa korona na kukutwa nayo. Hilo peke yake lisingekuwa habari siku zile. Habari ilikuja wataalamu waliposoma vinasaba vya kirusi chao: kilikuwa na mabadiliko zaidi ya 30, mengi kupita aina nyingi zilizokuwa zinajulikana wakati huo. Wakakipa jina lisilovutia hata kidogo, A.VOI.V2. Nyumbani kusingekuwa na wa kukigundua kwa haraka namna ile. Takwimu za korona zilikuwa zimekoma kutolewa tangu Aprili 29, 2020.

Milango ilikuwa imeanza kufungwa hata kabla ya matokeo ya Luanda kuchapishwa. Uingereza ilizuia abiria kutoka Tanzania mwezi Januari, kwa hofu ya kirusi kilichogunduliwa Afrika Kusini. Februari 25, Oman nayo ikafunga, na kwa Unguja na Pemba, zenye ndugu wengi huko, hilo lilikuwa pigo la kifamilia kabla ya kuwa la kibiashara. Ungedhani basi fukwe za Nungwi zilibaki kwa kaa na wavuvi. Wapi! Zanzibar ilipokea wageni 538,264 mwaka 2019, wakashuka hadi 260,644 mwaka 2020, na mwaka 2021 wenyewe, mwaka wa virusi vilivyobadilika kila uchao, wakapanda tena hadi 394,185. Mwingereza alipozuiwa, Mrusi alikuja.

Lakini msomaji wa Shinyanga, Kahama au Geita akisema anakwenda kisiwani, si lazima awe na maana ya Zanzibar. Kanda ya Ziwa ina kisiwa chake. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, yenye kilometa za mraba zipatazo 457 ukihesabu na maji yake, msitu mnene unaoshuka hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria, nzohe wanaotembea kwenye matete, na sokwe waliofikishwa huko kwa safari ya ajabu kidogo: walitoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya miaka ya 1966 hadi 1969, Profesa Bernhard Grzimek alipowarudisha Afrika na kuwaachia msituni. Watalii walioingia nchini kwa meli, tena kwa masanduku.

Ukitokea Geita mjini, barabara ya kwenda huko inapita Katoro, mji usiolala, wenye maduka ya pampu, nyundo, mitarimbo na mabuti ya machimboni hadi kwenye vibaraza. Unaendelea Chato, kisha Muganza, halafu unashuka ufukweni kupanda boti ya hifadhi. Njia hiyo hiyo ndiyo ya mchimbaji anayehama rashi moja ya dhahabu kwenda nyingine, ya mchuuzi wa dagaa, ya dereva wa lori la Rwanda na Burundi. Mgeni mwenye kofia ya jua na mchimbaji mwenye tope la duara kwenye suruali wanakaa kiti kimoja kwenye basi.

Januari 2025 njia hiyo ilitikiswa. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa waliodhaniwa kuwa na ugonjwa wa virusi vya Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Wizara ya Afya ikasema vipimo havikuonyesha kitu. Siku chache baadaye, Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alithibitisha kuwa mgonjwa amepatikana. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika Machi 13, hesabu ilikuwa wagonjwa wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa. Wote kumi walifariki.

Biharamulo na Chato ni majirani wa damu. Chato yenyewe ilimegwa kutoka Biharamulo. Kwa mtu wa London au Chicago aliyefungua ramani, Rubondo, Biharamulo na Serengeti ni kidoti kimoja chenye rangi nyekundu. Kwa mtu wa Katoro ni vitu vitatu tofauti kabisa, na ugonjwa uko upande wa pili wa msitu. Wote wawili wanakosea kidogo. Wa kwanza anafuta safari ya mahali ambapo hakuna mgonjwa. Wa pili anasahau kwamba basi la asubuhi linatoka huko huko.

Ukitaka kuona jinsi kisiwa kinavyoingia katika hadithi hii, rudi nyuma hadi Machi 2023. Marburg ilipoingia Tanzania kwa mara ya kwanza, Bukoba Vijijini, mtu wa kwanza kuugua alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, katikati ya Ziwa Victoria. Goziba si Rubondo. Ni kisiwa cha wavuvi, cha mabanda ya mabati yaliyobanana, taa za karabai na biashara ya usiku. Mtu alirudi nyumbani kijijini, akaugua, akauguzwa na ndugu kama ilivyo desturi. Wagonjwa walifika tisa, pamoja na mmoja aliyedhaniwa tu, na sita walifariki, mhudumu wa afya akiwamo. Mlipuko ukafungwa Juni 2.

Sasa tazama dhahabu. Popo anayetunza kirusi cha Marburg bila yeye kuugua ni popo mla matunda anayelala mapangoni, na pango la kuchimbwa kwa mtarimbo halina tofauti kwake na pango la Mungu. Kati ya 1998 na 2000, katika machimbo ya dhahabu ya Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo, watu 154 waliugua na 128 wakafa. Kilichowashangaza watafiti ni kukuta nasaba zisizopungua tisa za kirusi hicho, maana yake wachimbaji walikuwa wakikiokota upya tena na tena shimoni, si kuambukizana tu nyumbani. Mlipuko ulikoma shimo lilipofurika maji. Rwanda ya mwaka 2024, iliyopata wagonjwa 66 na vifo 15, chanzo chake kilifuatiliwa hadi kwenye pango la machimbo lenye popo hao hao. Na watalii nao hawakusalimika: mwaka 2008 mwanamke wa Uholanzi alifariki baada ya kuingia pango la popo na chatu katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Alikuwa likizo.

Halafu kuna Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu Kusini, huko huko Kongo. Hapo ndipo mwaka 2023 ilipojitokeza aina mpya ya kirusi cha mpox, inayoitwa kledi 1b. Vinasaba vyake vilikuwa na alama za kirusi kilichokaa muda ndani ya miili ya watu, kikihama kutoka binadamu hadi binadamu bila kumhitaji mnyama. Wengi wa wagonjwa wa mwanzo walikuwa wachimbaji na wanawake wanaofanya biashara ya ngono kwenye baa za machimbo. Yeyote aliyewahi kulala machimboni Nyarugusu au Rwamgasa wikiendi ya malipo hahitaji kuelezwa kwa nini. Agosti 14, 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa. Siku iliyofuata mgonjwa akapatikana Sweden. Tanzania ilithibitisha wagonjwa wake wawili wa kwanza wa mpox Machi 2025.

Hapa ndipo ninapoona kasoro ya tahadhari za safari tunazozisoma. Zinaandikwa kwa ajili ya mtu anayeweza kuahirisha. Mtalii akisoma kwamba kuna kirusi kipya, anapiga simu, anasogeza tarehe, anapoteza fedha kidogo na kwenda Mauritius. Mchimbaji aliyesikia kwamba kuna mwamba umepasuka Mwakitolyo haahirishi. Wenzake watakuwa wamegawana mifuko kabla hajafika. Mvuvi wa Goziba anakwenda mwezi ukiwa gizani, maana dagaa hawasubiri tangazo. Kirusi husafiri na hawa, na hawa hakuna anayewaandikia. Ndoo ya maji yenye bomba la plastiki iliyowekwa mlangoni mwa hoteli ya mgeni ingefaa zaidi kwenye karasha la kusaga mawe, mahali ambapo vijana arobaini wanakunywa maji kwa kopo moja.

Huyo anayepanga safari afanye nini, basi? Kwanza atofautishe. Aina mpya ya kirusi si lazima iwe kali zaidi. Mara nyingi ni ile iliyojifunza kuenea kwa wepesi zaidi, na korona ilitufundisha hivyo kwa Omicron mwishoni mwa 2021. Pili, Marburg haisambai kwa kupita barabarani bali kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, kwa hiyo anayepita Biharamulo kwa basi hayuko mahali pamoja na anayekwenda huko msibani. Tatu ni kalenda: dalili za Marburg zinaweza kuchukua hadi siku 21 kujitokeza, na mlipuko hutangazwa kwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Mwenye kikundi kilichochanga mwaka mzima kwenda Rubondo asogeze safari kwa hesabu hiyo, wala asiifute kwa uvumi wa WhatsApp. Na kabla ya kulipa, aulize kama tarehe inaweza kubadilishwa, na jibu alipate kwa maandishi.

Kuna upande mmoja zaidi, ambao wageni wengi hawautarajii. Wakishavuka maji, wao ndio hatari. Sokwe wana miili inayofanana mno na yetu, na mafua yetu madogo kwao ni msiba. Katika msitu wa Taï, Ivory Coast, virusi vya kifua vya binadamu viliua sokwe waliokuwa wamezoeshwa kuonwa na watu. Huko Ngogo, Uganda, sokwe 25 walikufa mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017 kwa kirusi ambacho mtoto wa chekechea hukiita kikohozi. Kundi la Rubondo lilianza na wachache, limezungukwa na maji, halina pa kukimbilia wala jirani wa kuongeza damu.

Ndiyo maana barakoa tuliyoitupa kwa furaha mwaka 2022 bado ina kazi mbele ya sokwe, na mgeni anawekwa mbali hata kama lenzi ya simu yake haifiki. Anayekohoa haendi msituni, awe ametoka Moscow au Masumbwe. Atabaki kambini siku hiyo. Ana tai wa kusikiliza, viboko wa kuhesabu, na akilipia kibali, sangara wa kuvua.