Je, Wajua? Ukuta Wenye Nta Tumboni

Je, wajua kwamba mafuta ya nazi huyeyuka yakifikia nyuzijoto 24 hivi? Ndiyo maana Mombasa mwezi Machi humiminika kama maji, na Nairobi mwezi Julai huyachota kwa kijiko. Kitu kikiyeyuka humeza joto jingi huku chenyewe kikibaki na jotoridi lilelile, na kikiganda, hulitoa joto hilo. Siku hizi sifa hiyo inatiwa ndani ya kuta ili nyumba isipate moto mchana.

Je, wajua ni joto kiasi gani? Joto la kuyeyusha kilo 1 ya barafu linatosha kupasha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Joseph Black alilichunguza jambo hili Glasgow miaka ya 1760. Nta ya parafini humeza takriban kilojuli 200 kwa kila kilo inapoyeyuka. Zege, ili limeze kiasi hicho kwa kupanda nyuzi 1 tu, zinahitajika zaidi ya kilo 200.

Je, wajua nta hiyo haichuruziki ukutani? Hufungwa kwenye vidonge vya plastiki visivyoonekana kwa macho, vikachanganywa na plasta au bodi za jipsamu. Lakini parafini hushika moto, na hilo mjenzi asilipuuze.

Je, wajua kwamba mojawapo ya nyumba za mwanzo kuhifadhi joto la jua kwa kitu kinachoyeyuka ilikuwa kazi ya wanawake watatu? Mwaka 1948, huko Dover, Massachusetts, mwanasayansi Maria Telkes, mzaliwa wa Budapest, alibuni mfumo. Eleanor Raymond akachora nyumba. Amelia Peabody akatoa fedha. Jua lilipasha hewa, na hewa ikayeyusha tani zipatazo 20 za chumvi ya Glauber, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 32. Usiku chumvi iliganda na kuwapa wakazi joto, katikati ya baridi kali ya Marekani. Baada ya majira machache ya baridi mfumo ulikwama: kila ilipoyeyuka, sehemu ya chumvi ilituama chini na haikuchanganyika tena. Hata hivyo, naiheshimu kazi ile kuliko majaribio mengi yaliyofaulu, kwa sababu waliofuata walijua tatizo liko wapi.

Je, wajua adui wa ukuta wenye nta ni usiku wa joto? Nta isipoganda usiku, kesho yake haina cha kuyeyuka. Dodoma na Nairobi usiku hupoa vizuri. Dar es Salaam mwezi Februari, alfajiri yenyewe hukaribia nyuzi 25, kwa hiyo nta inayoyeyuka kwenye nyuzi 23 itashinda na kulala ikiwa majimaji, na fedha zako zimepotea.

Basi kabla ya kununua, pima joto la chumba chako alfajiri, kisha mwulize muuzaji nta yake huganda kwenye nyuzi ngapi.