Nyumba za Siku za Reli: Tuanze na Maji, Rangi Itafuata



Siku za jua zimefika. Barabara zimekauka, udongo umekuwa mgumu, na mvua haitarudi upesi. Huu ndio wakati wetu wa kutengeneza nyumba. Juma hili tunasema juu ya nyumba za matofali ya kuchoma, zile za zamani, ambamo wengi wetu tunalea watoto na wajukuu.

Sisi watu wa Dilolo tunajua nyumba hizi zilitoka wapi. Mwaka 1931 reli ya BCK kutoka Tenke iliungana hapa mpakani na reli ya Benguela, inayotoka bandari ya Lobito, safari ya zaidi ya kilometa 1 300 ndani ya Angola. Reli ilihitaji stesheni, ghala na nyumba za wakubwa na wafanyakazi. Ndiyo sababu tunaona kuta nene, madirisha marefu, barza mbele, na paa la manjanja lenye mwinamo mkali. Mwaka 1975 vita vya Angola vilikata njia, na miaka mingi ikapita bila kazi ya kutosha na bila feza ya kutengeneza kitu. Nyumba zilibaki, watu wakabaki ndani yake, mvua ikaendelea kunyesha.

Kila mwaka tunafanya namna moja. Ukuta unatoa madoa meusi na krepi inaanguka. Tunanunua mfuko wa sima, tunapaka chini ya ukuta, tunatia rangi juu yake, na kwa Noeli nyumba inapendeza. Mvua ikiisha, sima imejitenga na ukuta, na matofali nyuma yake yamekuwa unga. Feza ya likelemba imekwenda na maji. Tuone sababu yake.

UKUTA WA ZAMANI UNAPUMUA

Matofali ya kuchoma ya zamani ni laini. Yanakunywa maji kidogo wakati wa mvua na kuyatoa jua likiwaka. Chukua msumari, ukwaruze kati ya tofali na tofali. Kama msumari unaingia na unga unatoka, basi matofali yalishikwa kwa chokaa au udongo. Kama msumari unateleza bila kuingia, ni sima.

Ukuta wa chokaa au udongo ukifunikwa kwa sima ngumu, maji yaliyo ndani hayapati njia ya kutoka. Yanapanda juu zaidi, yanabeba chumvi ya udongo, na chumvi hiyo ikikauka ndani ya tofali inalivunja. Ule unga mweupe unaoufuta ukutani kila asubuhi ni hiyo chumvi. Kwa hiyo sima tuliyoiweka kulinda ukuta ndiyo inayouua. Dawa ni kuzuia maji yasifike ukutani, halafu kuziba kwa kitu laini kama ukuta wenyewe.

MWEZI WA SITA: PAA

Ingia chini ya paa mchana, funga madirisha, ukae kidogo mpaka macho yazoee giza. Kila tundu la manjanja litaonekana kama nyota. Weka alama kwa makala kwenye mti ulio karibu, ili fundi akipanda asitafute. Mara nyingi maji yanaingia kwenye misumari. Msumari wa manjanja unapigwa juu ya mgongo wa wimbi, kamwe si ndani ya bonde ambamo maji yanapita, na unavaa kofia yenye mpira chini yake. Mahali ambapo manjanja mawili yanakutana, moja lilale juu ya lingine wimbi moja na nusu kwa upande, na sentimeta 15 mpaka 20 kwa urefu.

Ukiwa huko juu, gonga miti ya paa kwa mpini wa kisu. Mti mzima unalia kwa nguvu. Mti ulioliwa na mchwa unatoa sauti ya bure kama kopo. Angalia pia ukutani: mchwa wanajenga njia yao ya udongo, nyembamba kama kidole, kutoka chini mpaka juu. Ivunje, uiangalie tena baada ya siku chache. Kama imejengwa upya, mchwa bado wapo na seremala aitwe. Kuni zisipangwe kamwe kando ya ukuta, maana ndiyo daraja lao.

MWEZI WA SABA: CHINI YA UKUTA

Kazi hii haiombi fundi. Inaomba jembe, na sisi jembe tunalijua. Katika miaka mingi ya kufagia lupango, udongo umerundikana kando ya nyumba hadi mara nyingine umepita kiwango cha sakafu. Uondoe wote. Udongo wa nje ubaki chini ya sakafu ya ndani, na uiname kwenda mbali na ukuta kwa meta moja au zaidi. Hapo mwisho chimba mfereji mdogo unaopeleka maji kwenye bustani au barabarani. Kama unaogea au kufulia kando ya ukuta, hamisha mahali hapo.

Nyumba nyingi za zamani zina matundu madogo chini ya ukuta na juu karibu na plafo. Sisi tumeyaziba kwa vitambaa kwa hofu ya panya na nyoka. Toa vitambaa, weka wavu wa chuma wenye macho madogo. Hewa ikipita, ukuta unakauka, na watoto wanakohoa kidogo, kwa sababu ukungu unapenda chumba kisicho na hewa.

MWEZI WA NANE: NYUFA NA KREPI

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwanza ujue kama ufa umelala au bado unatembea. Andika tarehe kwa kalamu pale unapoishia, juu na chini, na uache mpaka siku za mvua zipite. Ukivuka alama, msingi unashuka, na kuuziba ni kuuficha tu. Ufa ambao kidole kinaingia, au mlango uliokuwa unafunga vizuri na sasa unakwama, ni kazi ya fundi wa kujenga.

Kwa ufa mdogo na krepi iliyoanguka, toa kwanza sima yote iliyolegea. Piga taratibu usivunje matofali. Fagia unga na chumvi, nyunyizia maji. Kisha chagua kati ya njia mbili.

Ya kwanza ni chokaa iliyozimwa: ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga safi. Chokaa haipendi haraka. Katika jua letu kali, funika ukuta kwa magunia yaliyolowa na unyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, la sivyo itapasuka. Kama chokaa uliyopata ni mabonge ambayo hayajazimwa, ujue kwamba yanachemka yakikutana na maji. Tia chokaa ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu ya chokaa. Linda macho, na watoto wakae mbali.

Ya pili ni udongo wa kichuguu, kwa kuta za ndani. Mama zetu waliujua kabla ya sima kufika. Changanya udongo na mchanga na majani makavu yaliyokatwa. Kila kichuguu kina udongo wake, kwa hiyo jaribu kwanza vipande vitatu ukutani: mchanga kiasi sawa na udongo, mchanga mara mbili, mchanga mara tatu. Subiri vikauke. Kile kisichopasuka wala kutoa unga ukikipangusa ndicho mchanganyiko wako.

MWEZI WA TISA: RANGI

Rangi inakuja mwisho. Juu ya chokaa na udongo, paka maji ya chokaa, mepesi kama maziwa, mara tatu, kila safari ikikauka kabla ya nyingine. Rangi ya mafuta inaziba ukuta kama sima.

HAPA TUWE MACHO, SABABU YA WATOTO

Kuna mambo mawili ya zamani yanayoweza kudhuru jamaa wakati wa kutengeneza.

La kwanza ni rangi ya zamani milangoni na madirishani. Rangi nyingi za mafuta za siku hizo zilitiwa risasi, ile metali nzito. Mtoto akila magamba ya rangi au akivuta vumbi lake, risasi inaharibu ubongo unaokua, na shida inaonekana baadaye shuleni. Mwenye mimba naye anaipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo tusichome rangi ya zamani kwa moto, tusiisugue ikiwa kavu. Ilowanishe, ikwarue pole pole, okota magamba yote kwenye plastiki, na ufute sakafu kwa kitambaa kibichi. Watoto na wenye mimba walale kwa jirani siku hizo.

La pili ni paa la eterniti, yale mabati ya kijivu ya sima, yasiyo ya chuma. Ya zamani yana nyuzi za amianti ndani yake. Yakiwa mazima na yametulia, hatari ni ndogo. Yakikatwa, yakitobolewa au yakisuguliwa, vumbi lake linaingia mapafuni, na ugonjwa, hata kansa, unakuja baada ya miaka mingi. Usiyasugue ukungu, usiyavunje kutengeneza sakafu ya kuku. Kama lazima litolewe, lilowanishwe na litolewe zima.

Na nyaya za zamani za umeme tusiguse hata moja. Aitwe fundi wa umeme.

TUSAIDIANE

Hakuna haja ya kila mmoja kununua ngazi, jembe la mfereji na gunia la chokaa peke yake. Kikundi cha wamama watano au sita kinaweza kununua pamoja na kutengeneza nyumba moja kila juma, kama tunavyofanya shambani. Aliye na nguvu achimbe, mzee achunge watoto, na zamu ifuate orodha ya likelemba.

Tunasema haya kwa sababu nyingine pia. Mwaka 2015 treni ilifika tena Luau, ng'ambo ya mpaka, na leo kila mtu anazungumza juu ya njia ya Lobito. Wanunuzi wanapita. Nyumba inayovuja inauzwa kwa bei ya kiwanja, na jamaa wanaondoka wakidhani wamepona mzigo. Kumbuka kwamba Sheria ya Familia ya nchi yetu inataka bwana na bibi wote wawili wakubali kabla ya nyumba yao kuuzwa. Basi weka daftari moja: kila mfuko, kila siku ya fundi, kila franka iliyoingia ukutani, pamoja na karatasi za lupango. Siku mnunuzi akibisha mlango, ukuta uwe mkavu, na wewe ujue thamani ya nyumba yako.

Juma hili anza na kitu kimoja tu: chukua jembe, zunguka nyumba, uone udongo umefika wapi.