Mhadhiri na Muidi Wake

Saa za alasiri, jua linapoanza kulegea juu ya maji ya Shangani na upepo wa kusi ukipunguza joto la mji wa Mtwara, apitaye karibu na mabweni ya vyuo vyetu huona jambo ambalo macho yamekwisha kulizoea hata hayalitazami tena: vijana sita au saba wameketi chini ya mwembe, madaftari yamefunuliwa juu ya mapaja, mmoja wao akichora kwa kijiti mchangani na wenzake wakimkatiza kwa maswali. Wenyewe hukiita kikao hicho “diskasheni”, na karatasi wanazopokezana huziita “madesa”. Karatasi zote zimeandikwa Kiingereza, lakini mazungumzo yote ni ya Kiswahili. Mhadhiri hayupo, na aghalabu hajui kwamba somo alilolimaliza asubuhi ndipo sasa linapoanza kufahamika, au ndipo linapoanza kupotoka.

Kazi anayoifanya kijana yule mwenye kijiti ni kongwe kuliko vyuo vikuu vyenyewe. Katika madrasa kubwa za zamani za Kiislamu, kama ile Nidhamiya iliyofunguliwa Baghdad mwaka 1067, mudarisi aliposhuka katika kiti chake alibaki mtu aliyeitwa muidi, yaani mwenye kurudia, ambaye wadhifa wake ulikuwa ni kuwarejeshea wanafunzi darsa ile ile waliyokwisha kuisikia, kwa maneno mepesi zaidi na kwa subira zaidi, mpaka aliyekuwa nyuma awakute wenziwe. Jina hilo lina asili moja na Idi, ambayo wanachuoni wa lugha husema imeitwa hivyo kwa kuwa ni sikukuu irudiayo. Hata leo katika vyuo vikuu vya Misri kijana anayeanza kazi ya kusomesha huitwa muidi. Na sisi wa pwani hatukuhitaji kwenda Baghdad wala Kairo ili kulijua jambo hili, maana katika vyuo vya Kurani mwanafunzi mkubwa ndiye aliyewasikilizisha wadogo huku mwalimu akitega sikio, na katika unyago kila mwari huwa na somo wake, anayemrudishia pembeni mafunzo ambayo kungwi ameyatoa kwa wote.

Tazama, hata hivyo, kwamba katika mifano yote hiyo mwenye kurudia hakuwa mtu wa kujitokeza mwenyewe. Mudarisi alimjua muidi wake, na kungwi anamjua somo. Fungamano hilo ndilo lililokosekana chini ya mwembe wa Mtwara, na ndilo ninalolitetea katika makala hii. Kwani nimeyakinika kwamba msaada wa masomo wanaopeana wanafunzi wa vyuo vikuu, au wanaopewa na ofisi iliyowekwa kwa kazi hiyo, hautafika mbali maadamu mhadhiri wa somo amekaa kando nao.

Haja ya msaada huo ni dhahiri. Tangu mwaka 1967 mtoto wa shule ya msingi ya serikali husomeshwa kwa Kiswahili miaka yote ya shule hiyo, kisha akiingia sekondari hutakiwa ghafla kuyafahamu mambo yale yale, na magumu kuliko yale, kwa Kiingereza. Wapo wanaovuka, na wapo wanaovuka kwa kukariri tu. Na wote hao hukutana siku moja katika ukumbi wa mihadhara. Kusini tulikuwa na taksiri nyingine juu ya hiyo, maana kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, njia ya kwenda Dar es Salaam ilitegemea kivuko, na mvua za masika ziliweza kuutenga mkoa huu na nchi nyingine. Leo Mtwara ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, tawi la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kilichoanzishwa mwaka 2009 na ambacho huandaa walimu. Ina kampasi ya Taasisi ya Uhasibu. Na ina kituo cha Chuo Kikuu Huria, chuo kile kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, ambacho mwanafunzi wake husoma huku akilima, akifundisha au akilea, na humwona mhadhiri wake kwa nadra. Kijana wa Msimbati au wa vijiji vya ukingoni mwa Ruvuma anaweza sasa kusoma shahada bila kuvuka Rufiji. Lakini akishaingia chuoni, maneno mawili humwandama usiku na mchana: “sapu”, yaani mtihani wa kurudia, na “kudisko”, yaani kuondolewa masomoni.

Nakumbuka chuo kimoja nilichosoma, ambacho hakina haja ya kutajwa. Kulikuwa na chumba cha kusaidia wanafunzi, na mlangoni palibandikwa tangazo la saa zake. Katika miaka mitatu sikumsikia mhadhiri hata mmoja akikitaja chumba hicho darasani, ila mara moja tu, siku ya kurudishiwa karatasi za jaribio, ambapo waliofeli waliambiwa mbele ya wenzao kwamba waende huko. Tangu siku hiyo kwenda chumbani mle kukawa ni kukiri ujinga, na walioingia waliingia wakitazama nyuma. Aliyekuwa akisaidia humo, mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye akili na huruma, alikuwa hana muhtasari wa somo letu wala hajui mhadhiri amefika wapi, akafundisha alichokikumbuka cha mwaka wake. Sikumlaumu wakati ule, na simlaumu sasa.

Aibu kama hiyo ilipatiwa dawa kwingine. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Missouri kilichopo Kansas City huko Marekani, mwanamke mmoja aitwaye Deanna Martin alipewa kazi ya kuwasaidia wanafunzi wa fani za tiba waliokuwa wakianguka masomoni, akaligeuza swali lenyewe. Badala ya kuuliza ni mwanafunzi gani aliye dhaifu, aliuliza ni somo gani lililo gumu, akayatafuta masomo ambayo watu thelathini kwa mia au zaidi walikuwa wakiyafeli au kuyaacha, na kwa kila somo kama hilo akaweka mwanafunzi aliyekwisha kulifaulu vizuri, ambaye alitakiwa kuhudhuria mihadhara yote upya, kuandika kama wengine, kisha kuongoza vikao kila juma kwa yeyote atakaye. Aibu ikaondoka, kwa kuwa aliyekwenda kikaoni hakwenda kwa ajili ya udhaifu wake. Alikwenda kwa ajili ya ugumu wa somo, ambao ni wa wote. Mpango huo ulivuka bahari, ukafika Afrika Kusini katika Chuo Kikuu cha Port Elizabeth mnamo mwaka 1993, na sharti lake moja halikulegezwa: hauwekwi katika somo ambalo mhadhiri wake hajaridhia. Martin alifahamu kwamba muidi asiye na mudarisi ni mtu anayebahatisha.

Sasa na tutazame ushirika huo wa mhadhiri na muidi unavyoweza kwenda hapa kwetu, na nitachukua somo la takwimu, kwa kuwa ndilo linalowaliza wengi, wa ualimu na wa uhasibu pia. Mhadhiri amefundisha mkengeuko sanifu kwa Kiingereza, kanuni ameiandika ubaoni, na saa imekwisha. Jioni muidi, ambaye ni mtoto wa mkulima wa korosho, anawaambia wenzake wawafikirie wakulima wawili wa Tandahimba. Wa kwanza katika misimu mitatu amepima katika chama cha msingi kilo 290, kilo 300 na kilo 310. Wa pili amepima kilo 100, kilo 300 na kilo 500. Wastani wao ni mmoja, kilo 300. Je, ungekuwa ni wewe wa kumkopesha fedha za dawa ya kupulizia mikorosho, ungewaona kuwa sawa? Hakuna katika kikao asiyecheka, maana kila mmoja anamjua mkulima wa kwanza na anamjua wa pili, na kwa kicheko kile wamekwisha kufahamu kwamba wastani pekee huficha mambo, na kwamba panahitajika kipimo cha kutuambia hesabu zimetawanyika kiasi gani mbali na wastani huo. Mhadhiri aliyetoka mbali asingeweza kuupata mfano huu, na pengine hata aliye mwenyeji, akiwa na watu mia tatu mbele yake, asingekuwa na nafasi ya kuutoa.

Lakini endelea kumsikiliza muidi. Anafika kwenye hesabu yenyewe. Anakusanya tofauti zilizopigwa mraba, anagawanya kwa tatu, kwa kuwa misimu ni mitatu, kisha anatafuta kipeo cha pili, na anapata takriban kilo 8 kwa mkulima wa kwanza na takriban kilo 163 kwa wa pili. Wote wanaandika. Ilhali mhadhiri asubuhi alikuwa akizungumzia sampuli, ambapo hugawanywa kwa idadi iliyopunguzwa moja, yaani kwa mbili, na majibu yangekuwa kilo 10 na kilo 200 kamili. Vijana saba wamefahamu maana na wameikosa kanuni, na siku ya mtihani watakosa wote saba kwa namna moja, naye msahihishaji atadhani wameigiliziana. Dakika tano tu za mhadhiri na muidi wake, kabla ya kikao hicho, zingetosha kulizuia hilo. Ushirika ninaousema si jambo kubwa kuliko dakika hizo: kumpa muidi muhtasari wa somo na maswali ya mazoezi mapema, kumwonyesha mahali ambapo wanafunzi wa miaka iliyopita walijikwaa, na kumwambia jibu timilifu linafananaje.

Na yapo ya kurudi pia, ambayo kwangu mimi ni bora zaidi. Muidi ndiye pekee anayesikia maswali ambayo aibu humzuia mwanafunzi kuyauliza ukumbini. Akirudi kwa mhadhiri na kumwambia kwamba watu wengi hawakukwama kwenye kanuni bali kwenye neno moja la Kiingereza lililotumiwa katika kuieleza, mhadhiri amepata habari ambayo mtihani ungemletea baada ya miezi mitatu, wakati haifai kitu. Ila na achunge asiulize majina. Ikijulikana kwamba yanayosemwa kikaoni hufika ofisini pamoja na jina la msemaji, kikao kimekufa siku hiyo hiyo.

Kuhusu lugha, nasema bila kusita kwamba Kiswahili cha diskasheni si cha kuonewa aibu wala cha kupigwa marufuku. Mtu hufikiri kwa lugha anayoimiliki, na akishafahamu, kulibeba alilolifahamu mpaka kwenye Kiingereza cha mtihani ni safari fupi kuliko kukariri asichokijua. Kinachotakiwa ni mhadhiri na muidi kuafikiana juu ya istilahi, ili neno moja lisitumike kwa maana tatu katika vikao vitatu. Zana zipo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, ambazo mwanafunzi wa ualimu hapaswi kumaliza chuo bila kuzifungua. Na fauka ya hayo, wengi wa vijana hao watarudi kusimama mbele ya watoto wenye tatizo lile lile la lugha. Muidi wa leo hapa Mtwara ni mwalimu wa Newala au Nanyumbu wa kesho, na kazi hii ni sehemu ya kufundwa kwake.

Nawasikia wahadhiri wakinijibu kwamba mzigo wao ni mzito, madarasa ni makubwa, na karatasi za kusahihisha hazina mwisho. Ni kweli tupu. Wengine huchelea kwamba muidi atawaandikia wenzake kazi za nyumbani, nao vilevile wana haki, maana tuisheni ya kulipana imeharibu mengi, na kuna mahali ambapo kumsaidia mtu kumekuwa ni kumuuzia. Lakini hofu hizo zote mbili hutatuliwa kwa kukaribia, wala si kwa kukaa mbali. Mhadhiri akisema waziwazi katika mhadhara wa kwanza kwamba muidi anaruhusiwa kuuliza, kueleza na kutoa mifano, na haruhusiwi kushika kalamu ya mwenzake, mpaka umewekwa na kila mtu ameusikia. Ama chuo, wajibu wake ni kumlipa muidi ujira, hata kama ni mdogo, kwa kuwa saa anazotoa ni saa za kusoma kwake, na kumpa chumba chenye taa na ubao. Mwembe unatosha mchana. Usiku hautoshi, na msimu wa mvua haufai kabisa.

Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba, wakati ambao minada ya korosho imeanza na wazazi wengi wa Mtwara wanatafuta ada. Nawaomba wahadhiri wa vyuo vyetu, kwa taadhima yote, kwamba katika juma lile la kwanza kila mmoja alichague somo lake moja lililo gumu kuliko yote, amtafute mwanafunzi mmoja aliyelifaulu mwaka uliopita, amtambulishe mbele ya darasa zima kwa jina na kwa heshima, na amtengee nusu saa ya kila juma mpaka mtihani upite.