Vifaa Vifaavyo vya Kufungulia Kisu cha Mashine ya Kufyekea



Kibanja cha migomba na mibuni huku kwetu Kashozi hakistawi bila matandazo, na nyasi za matandazo hutoka rweya. Wazee wetu walizifyeka kwa mundu na panga. Siku hizi wako wakulima watumiao mashine ya petroli, ile ichukuliwayo kwa mkanda begani, yenye kisu cha chuma kizungukacho mwishoni mwa bomba lake. Ni chombo chema, hasa wakati huu wa kuharakisha nyasi zifike kibanjani kabla ya jua la Juni. Lakini rweya ina mawe na vichuguu, kisu huwa butu upesi, na hapana budi kukifungua mara kwa mara. Hapo ndipo watu huharibu mashine, na wengine huumia vidole, kwa kushika kifaa kisichofaa.

Kwanza zima injini, kisha uchomoe waya wa plagi. Usiseme, "Nimekwisha kuzima, yatosha." Injini ikiwaka kwa bahati mbaya, kisu hakibagui nyasi na mkono. Ngoja pia sanduku la giya lipoe, maana hushika moto sana. Kisha laza mashine juu ya gunia, nati ikitazama juu.

Sasa fahamu upande wa kuzungusha. Nati nyingi tuzijuazo hufunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Nati ya kisu hiki, katika mashine nyingi za begani, hufunguka kwa kufuata mwendo wa saa, ukiwa umeielekea. Mwenye baiskeli hatashangaa, kwa kuwa pedali ya kushoto nayo ndivyo ilivyo. Sababu ni kwamba kisu kigongapo nyasi ngumu, nati huzidi kujikaza badala ya kulegea. Asiyejua hili huikaza akidhani anaifungua. Isipotii huongeza nguvu, kisha huleta bomba la kurefusha mpini wa spana, hata bolti ikatike.

Lakini usiipeleke kanuni hii kwenye mashine za magurudumu, za kusukuma au zile kubwa za kupandwa zikatazo nyasi za viwanja. Bolti zake kwa kawaida hufunguka kama nyingine. Kitabu cha mashine ndicho kiamuzi.

Vifaa ni vichache. Kilicho cha lazima ni spana ya boksi iliyo sawasawa na nati, na mara nyingi huja pamoja na mashine. Usiitupe pamoja na karatasi za kufungia. Ikiwa imepotea, nenda dukani na nati yenyewe mkononi, au upime kwa kujaribu. Chagua yenye pembe sita ndani, kwa kuwa hushika ubapa wa nati. Ya pembe kumi na mbili hushika karibu na ncha tu, na nati iliyokwisha kulika itaizunguka bure. Ile spana ya mdomo wa kupanuka, ambayo mafundi wameipa jina nisiloliandika hapa, iache kwa kazi nyingine. Koleo nalo vivyo hivyo. Na tindo na nyundo ni adui: nimeona nati nyingi zilizogeuzwa duara kwa tindo, wala hakuna spana itakayozishika tena.

Cha pili ni kipini cha kuzuia. Sanduku la giya lina tundu, na sahani iliyo chini ya kisu ina tundu lake. Zungusha polepole hata matundu yakutane, kisha upenyeze kipini hicho, nayo mashine itatulia. Usizuie kisu kwa mguu wala kwa panga. Vaa glavu nene au ufunge kisu kwa gunia.

Nati ikigoma kwa kutu, isugue kwa brashi ya waya, itie mafuta ya kulegeza kutu, uiache mpaka kesho. Usiichome moto, tangi la petroli liko karibu.

Ikifunguka, panga washa na sahani juu ya gunia kwa taratibu ile ile zilivyotoka. Ondoa nyasi zilizojisokota. Tazama kisu katika mwanga: kikiwa na ufa, ni taka. Usimpelekee fundi akiunge. Wahaya waliyeyusha chuma tangu zaidi ya miaka 1500 iliyopita, na ufundi huo tunauheshimu, lakini kisu kizungukacho maelfu ya mara kwa dakika hakitaki kiungo. Kikikatika huruka, na mtoto aliyesimama kando hana pa kukimbilia. Kama kiligusa migomba, kioshe kwa dawa ya kuondolea madoa nguoni, ukisuuze na kukikausha, kwa ajili ya mnyauko ulioonekana Kagera mwaka 2006. Ugonjwa huo husafiri kwa vyombo vikatavyo.

Wakati wa kurudisha, kaza nati kinyume cha saa, kwa nguvu ya mkono mmoja juu ya spana, bila bomba. Nati isiyouma tena ibadilishwe. Bei yake ni ndogo. Chomoa kipini, zungusha kisu kwa mkono uone kama chaenda sawa, ndipo urudishe waya wa plagi.