Ni Nani Anayemaliza Betri?

Likizo ya Agosti niliipitisha kwa mjomba wangu huko Kinangop. Mjomba ana pikapu kuukuu ya kubebea kabeji hadi sokoni Naivasha. Katikati ya wiki iliwaka, ingawa kwa kukohoa. Lakini Jumatatu alfajiri, lo! Ukigeuza ufunguo ni "tik" tu, kisha kimya. Tukawa tunasukuma gari kwenye tope na baridi kali.

Mjomba akanunua betri mpya. Nayo ikafa vivyo hivyo. Basi lawama zikamwangukia utingo, maana yeye ndiye huosha gari kila Jumapili akisikiliza redio. "Huyu taniboi ndiye anayeninyonya betri!" mjomba akafoka, akaanza kumkata mshahara. Kijana wa watu aliapa hadi machozi yakamlenga.

Mimi nilikuwa na mita ndogo ya umeme niliyonunua kwa mradi wa fizikia. Jumamosi jioni tulipima betri. Betri iliyojaa, gari likiwa limepumzika, huonyesha volti 12.6 hivi, ikishuka chini ya 12 imekwisha. Injini ikinguruma, kipimo hupanda hadi karibu 14, yaani alteneta inachaji. Yetu ilichaji vizuri. Kwa hivyo kulikuwa na kitu kinachokula umeme gari likiwa limelala.

Jumapili asubuhi tukamtega mwizi. Ukitaka kufanya hivyo, zima kila kitu na ufunge milango. Fungua waya wa hasi kwenye betri. Weka mita kwenye ampea 10, na waya wake mwekundu uhamishie kwenye tundu la ampea 10. Kisha unganisha mita kati ya ule waya uliofungua na ncha ya hasi ya betri, umeme wote upitie humo. Usithubutu kupiga stata hapo, fyuzi ya mita itaungua (mimi niliunguza moja, msinicheke). Magari ya kisasa yenye kompyuta hungojewa hata nusu saa au zaidi, hizo kompyuta zilale kwanza. Kwa kawaida gari zima halipiti ampea 0.05. Letu lilisoma 1.5!

Nikamwambia utingo awashe redio. Mita ikapanda hadi 2.0. Yaani redio ilikula nusu ampea. Akiisikiliza kwa muda wa saa mbili, ni ampea-saa moja tu. Lakini ile 1.5, tangu Jumamosi saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, ni saa 35, yaani ampea-saa 52 na nusu kutoka kwa betri ya 60. Mjomba alirudia hesabu hiyo mara mbili, asiseme neno.

Akang'oa fyuzi moja moja huku nikiitazama mita. Nambari haikushuka. Nilipoigusa alteneta nikashangaa: injini ilikuwa baridi kama jiwe, lakini yenyewe ilikuwa vuguvugu! Waya wake mnene huenda moja kwa moja hadi kwenye betri bila kupitia fyuzi zile. Tukaitoa mita ili umeme ukatike, tukaufungua waya huo na kuuzungushia tepu, kisha tukairudisha mita: 0.02. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Ndani ya alteneta mna dayodi zifanyazo kazi kama valvu ya baiskeli: upepo huingia, haurudi. Moja ilikuwa ikivuja, na umeme uliojazwa mchana ukawa unarudi usiku kucha.

Fundi alibadilisha dayodi tu, kwa bei isiyofika nusu ya ile ya betri. Jumatatu iliyofuata pikapu iliwaka mara moja. Mjomba alimrudishia utingo pesa zake, ila neno pole mimi sikulisikia. Mwenye swali anitafute, Kidato cha Tatu.