JERAHA LAKO LIANDIKWE VIZURI

Sisi watu wa Tabora tunaishi na vyombo vyenye makali. Tunalima kwa jembe. Tunakata kuni za kukaushia tumbaku kwa shoka. Tunafyeka kwa panga na tunachonga mizinga ya nyuki. Kwa hiyo kukatwa si jambo geni kwetu. Mtu akikatwa hukimbilia zahanati, husafishwa, hushonwa, kisha hurudi nyumbani. Lakini pale zahanati kuna kazi nyingine pia, nayo ni kazi ya kalamu. Leo tutaeleza jinsi jeraha linavyoandikwa, na kwa nini jambo hili linakuhusu wewe mgonjwa.

Mganga anaandika nini?

Kuandika "ana kidonda" tu hakutoshi. Jeraha likiandikwa vizuri, mambo haya yanaonekana:

1. Mahali. Ni mguu wa kulia au wa kushoto? Mbele au nyuma?
2. Ukubwa. Urefu ni sentimita ngapi? Limekata ngozi tu, au limefika kwenye nyama au mfupa?
3. Sura yake. Kitu chenye makali hukata, na kingo za jeraha hunyooka. Jiwe au rungu huchana ngozi, na kingo huwa zimepondeka.
4. Uchafu. Je, lina udongo, samadi au vipande vya mti?
5. Chanzo. Umekatwa na nini, wapi, na lini?
6. Matibabu. Umeshonwa nyuzi ngapi? Umepigwa sindano ya pepopunda?

Kila neno hapo lina kazi yake. Nyuzi zilizotiwa ni lazima zihesabiwe siku ya kutolewa. Za usoni hutolewa baada ya siku 5 hivi, na za mguuni baada ya siku 10 hadi 14. Tena, jeraha likiwa chafu, na imepita zaidi ya miaka 5 tangu chanjo yako ya mwisho ya pepopunda, unahitaji nyingine. Kama tarehe haikuandikwa, nani atakumbuka?

Lugha ya namba

Shirika la Afya Duniani limetunga orodha ya magonjwa na majeraha, na kila kimoja kimepewa namba yake. Katika toleo la 10 la orodha hiyo, jeraha la wazi kati ya goti na kifundo cha mguu ni S81. Daktari wa Tabora na daktari wa India wakiona S81 wanaelewa jambo moja.

Lakini S81 haisemi jeraha limetokana na nini. Kwa hiyo huwekwa namba ya pili. Ukijikata kwa jembe au shoka, namba ya pili ni W27. Ukishambuliwa na mtu kwa kitu chenye makali, ni X99. Umeona? Mguu ni ule ule na jeraha ni lile lile, ila namba ya pili imebadilika. Na habari ya hiyo namba ya pili inatoka kinywani mwako wewe.

Toleo la 11 la orodha lilianza kutumika mwaka 2022, na namba zake ni nyingine, lakini shabaha ni ile ile. Majeraha yakihesabiwa sawasawa, wakubwa wa afya wanajua ni wapi panahitajika nyuzi, dawa na chanjo.

Sema kweli

Wako watu wanaoona haya. Mtu amekatwa panga na ndugu yake kwenye ugomvi wa pombe. Akifika zahanati anasema, "Nimejikata nikipasua kuni." Basi, inaandikwa hivyo. Baadaye ugomvi unafika mahakamani, naye anataka kusema kweli. Lakini maandishi yanasema alijikata mwenyewe! Hapo atapata taabu kuaminiwa.

Ukishambuliwa, polisi hutoa fomu iitwayo PF3, na mganga huijaza. Lakini damu ikitoka nyingi, uhai kwanza. Bana jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, uwahi kutibiwa.

Na wewe uliyeajiriwa, ukiumia kazini sema kwamba ni kazini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, na madai ya fidia huhitaji maandishi ya mganga.

Mfano wa zamani

Njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapa kwetu. Mwaka 1872 Daktari Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji wa Tabora. Mwaka 1873 alifariki huko Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Watumishi wake, akina Susi na Chuma, waliukausha mwili wakaubeba hadi pwani, wakipitia hapa hapa. Ulipofika Uingereza mwaka 1874, uso haukutambulika tena. Watajuaje kwamba ni yeye?

Zamani simba alikuwa amemvunja mfupa wa mkono wa kushoto, sehemu ya juu. Livingstone aliandika habari hiyo kitabuni mwaka 1857, na akahesabu hata alama za meno: 11. Madaktari waliupima mkono, wakauona mfupa uliovunjika na kuunga vibaya. Wakasema, ndiye. Mahali na chanzo cha jeraha vilikuwa vimejulikana, basi ushahidi ukapatikana.

Ndugu wasomaji, sasa mnajua kusoma. Msiondoke zahanati kabla ya kufungua daftari la matibabu. Tazama tarehe, mahali, chanzo na siku ya kurudi. Mwandiko ukikushinda, mwambie mganga akusomee. Kisha litunze daftari pasipo mvua wala mchwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini S81 peke yake haitoshi?
2. Kuficha chanzo cha jeraha kunaleta hasara gani?
3. Daftari lako la matibabu liko wapi sasa hivi?